ZAMU 27 ZA KUBEBA, MOJA YA KUPIGANA
Mchezo wa manowari katika kompyuta, na vita vilivyopita kando ya Ziwa Mweru

Kashikishi ni mji unaoishi kwa maji. Upo kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, na riziki ya watu wake hutoka ziwani: kuna wavuvi, wachuuzi wa samaki, mafundi wa mitumbwi na mashua, na wale wanaovusha watu na bidhaa kwenda Kilwa, upande wa Kongo. Kibemba ndicho kinachotawala sokoni, lakini Kiswahili cha Katanga nacho huvuka pamoja na abiria, kwa kuwa soko halina mpaka.

Mahali kama hapa mtu hahitaji kufundishwa kwamba chombo cha majini kina tabia yake. Mtoto wa Kashikishi hujua mapema kwamba upepo hugeuka, kwamba mafuta ya injini huisha, na kwamba anayekwenda mbali ni lazima akumbuke safari ya kurudi.

Siku hizi simu ya mkononi imekwisha kufika katika miji na vijiji vya namna hii, na kompyuta zimeingia katika ofisi na baadhi ya shule. Pamoja nazo imekuja michezo ya kila aina. Mmojawapo ni mchezo wa vita vya manowari unaochezwa kwa zamu. Wazazi wengi huutazama na kuuliza kama kuna faida gani kumwacha kijana azamishe meli za watu wasiokuwapo. Vijana nao hujibu kwamba mchezo huo ni elimu.

Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli. Mchezo huu waweza kumfundisha kijana jambo kubwa kuhusu vita. Lakini waweza pia kumficha jambo kubwa zaidi, nalo ni jasho la watu waliobeba. Ushahidi wa mambo yote mawili hauko mbali; umo katika maziwa yetu wenyewe.

NSOLO YENYE UKUNGU

Tuanze na mchezo wenyewe. Yeyote aliyewahi kucheza nsolo chini ya mti, au bao katika nchi za pwani, anajua maana ya zamu. Mmoja hucheza, mwingine hungoja. Hakuna haja ya mkono mwepesi wala jicho kali la mwindaji. Kinachotakiwa ni akili na subira. Aliye mzee aweza kumshinda kijana, na mtoto wa shule aweza kumshinda mwalimu wake.

Mchezo wa manowari hufuata desturi hiyo hiyo. Kioo cha kompyuta huonyesha ramani ya bahari au ziwa, iliyogawanywa katika vyumba vidogo vidogo. Kila mchezaji ana meli zake. Zamu yake ikifika, huamua hii iende wapi, hii ingoje, hii irudi bandarini kuongeza makaa au mafuta. Kila meli ina mwendo wake, mizinga yenye kufika umbali fulani, na uwezo fulani wa kustahimili mapigo. Mchezaji akitoa amri ya kupiga, kompyuta hupiga hesabu: umbali ni kiasi gani, shabaha ni kubwa au ndogo, bahari imetulia au imechafuka. Kisha huongeza kiasi kidogo cha bahati, kama dadu, kwa sababu katika vita vya kweli hakuna kombora lenye hakika.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Katika nsolo na bao kete zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji. Katika mchezo wa manowari, meli za adui hazionekani mpaka zitafutwe. Ramani imefunikwa na ukungu. Mchezaji aweza kuwa na manowari kubwa kuliko zote, lakini asipojua adui yuko wapi atapoteza zamu tano akizunguka maji matupu, na zamu ya sita atapigwa kutoka nyuma. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hutumia zamu nyingi kutafuta, kuficha na kujaza matangi, na zamu chache mno kupiga.

Mwenye kuishi kwa ziwa hataona ajabu katika subira hiyo. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Samaki nao wana zamu yao, na asiyeiheshimu hula leo akalala njaa kesho.

WALIOANZA KUCHEZA WALIKUWA MAJEMADARI

Yafaa ijulikane kwamba mchezo huu haukuanzishwa kwa ajili ya kuwaburudisha watoto. Katika mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa, uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu. Mnamo mwaka 1898 Mwingereza Fred T. Jane, ambaye jina lake ni maarufu kwa vitabu vya orodha ya manowari za dunia, alitoa kanuni za mchezo wa vita vya majini. Huko Marekani, Chuo cha Vita vya Majini cha Newport kilikwisha kuingiza michezo ya namna hiyo katika mafunzo yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Admirali Chester Nimitz alieleza kwamba vita dhidi ya Japani vilikuwa vimechezwa chuoni hapo mara nyingi sana hata karibu kila kilichotokea kilikuwa kimekwisha kufikiriwa, isipokuwa marubani waliojitoa mhanga.

Mfano wa Liverpool wastahili kukumbukwa. Mwaka 1942 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za biashara katika Bahari ya Atlantiki. Nahodha Gilbert Roberts wa Uingereza alipewa chumba, naye akakigeuza sakafu yake kuwa bahari. Wasaidizi wake wengi walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Meli zilisogezwa kwa zamu juu ya sakafu, na maofisa wa kujifunza walitazama kupitia tundu za pazia, waone kile tu ambacho wangeweza kukiona baharini. Kwa njia hiyo Roberts na wasichana wale waligundua jinsi nyambizi zilivyokuwa zikijipenyeza katikati ya msafara, wakatunga mbinu za kuzikamata. Maofisa wapatao 5,000 walipita katika chumba kile. Admirali Max Horton, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa nahodha hodari wa nyambizi, alicheza akashindwa mara kadhaa na mmoja wa wasichana hao, Janet Okell.

Mfano wa pili ni wa onyo. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 1942, majemadari wa Japani walikutana ndani ya manowari Yamato kujaribu, kwa mchezo, mpango wao wa kukishambulia kisiwa cha Midway. Kama maofisa wa Kijapani walivyosimulia baada ya vita, dadu iliamua kwamba manowari zao za kubeba ndege zimepigwa mabomu tisa. Mwamuzi, Admirali Matome Ugaki, akapunguza mabomu hayo hadi matatu, na meli iliyokuwa imehesabiwa kuwa imezama ikarudishwa mchezoni baadaye. Tarehe 4 Juni vita vya kweli vilipokuja, ndege za Marekani zilizipiga manowari nne za aina hiyo, na zote nne zikapotea. Maji hayana mwamuzi wa kubembelezwa.

Kompyuta ilichukua urithi huo huo. Mwaka 1980 kampuni ya Marekani iitwayo Strategic Simulations, iliyoanzishwa na kijana Joel Billings, ilitoa mchezo ulioitwa Computer Bismarck, alioutunga pamoja na John Lyon. Ulihusu msako wa manowari ya Kijerumani Bismarck, uliomalizika kwa kuzama kwake tarehe 27 Mei, 1941. Mtu aliweza kucheza na mwenzake au na kompyuta yenyewe. Kazi nzito ya kupiga hesabu, ambayo zamani ilihitaji mwamuzi na majedwali mengi, ilifanywa sasa na mashine. Michezo mingi ya manowari inayochezwa leo kwa zamu imefuata njia hiyo.

UWANJA ULIOKUWA KARIBU NASI

Sasa na tuyaache maji ya mbali. Kaskazini-mashariki ya Mweru liko Ziwa Tanganyika, na katika ziwa hilo vilipiganwa vita vya manowari ambavyo mtunga michezo angeviota.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, ufuko wa mashariki wa Tanganyika ulikuwa wa Wajerumani, wa magharibi wa Wabelgiji, na pembe ya kusini ilikuwa ya Waingereza. Wajerumani ndio walioanza. Tarehe 22 Agosti meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Baadaye wakaleta Kingani kwa reli kutoka Dar es Salaam. Kisha wakaunda Kigoma meli kubwa, Graf von Götzen, ambayo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha na kuunganishwa tena. Ilishushwa majini mwezi Februari 1915. Mwaka huo huo manowari Königsberg ilipomalizika katika mto Rufiji, mizinga yake iliokolewa, na mmoja ukapelekwa kwenye Götzen. Tangu hapo ziwa zima likawa la Wajerumani, nao waliweza kusafirisha askari popote walipotaka.

Mwindaji mmoja, John Lee, ndiye aliyekwenda London mwaka 1915 na kushauri kwamba Uingereza ilete mashua ndogo zenye mwendo mkali. Zilichaguliwa mashua mbili za injini, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zikapewa majina Mimi na Toutou. Uongozi alipewa Kamanda Geoffrey Spicer-Simson.

Tuihesabu safari hiyo kama mchezo, na tuseme kila zamu ni juma moja. Mashua ziliondoka Uingereza kwa meli tarehe 15 Juni, 1915. Zamu tatu za kwanza zilikwisha baharini hadi Cape Town. Zamu nyingine tano zilikwisha katika gari la moshi, kupitia Bulawayo na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka Fungurume mahali reli ilipoishia. Kutoka hapo kulikuwa na pori na milima ya Mitumba. Mashua zilivutwa juu ya nchi kavu kilomita zipatazo 230, zikipanda hadi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Matrekta ya mvuke yalivuta. Yaliposhindwa wakafungwa maksai. Maksai waliposhindwa watu walishika kamba. Mamia ya wanaume walikata miti, wakafukia mabonde na kujenga madaraja. Matrekta yalipokosa maji, wanawake wa vijijini waliyachota na kuyabeba vichwani kutoka mbali. Kazi hiyo pekee ilikula zamu zaidi ya saba.

Mwisho wa Septemba mashua zilifika Bukama kwenye mto Lualaba. Zikateremka na mto hadi Kabalo, zikikwama mara nyingi kwenye mchanga kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimepunguza maji. Kutoka Kabalo zikapanda reli hadi ukingo wa Tanganyika, karibu na Kalemie ya leo. Wiki zilizobaki zilitumika kujenga bandari ya kuzihifadhi. Ziliteremshwa ziwani siku chache tu kabla ya Krismasi.

Tarehe 26 Desemba Kingani ilitokea ikipeleleza. Mashua ziliiacha ipite, kisha zikatoka na kuifuata kwa nyuma, maana mzinga wa Kingani uliweza kupiga upande wa mbele tu. Vita vilichukua dakika 11. Nahodha wa Kingani akauawa na chombo kikatekwa, kikatengenezwa na kuitwa Fifi.

Msomaji na atazame hesabu hiyo. Zamu 27 zilikwisha kwa kubeba na kutayarisha. Ya 28 ndiyo iliyokuwa na mapigano, nayo mapigano yake hayakufika hata robo saa.

MAJI YA MWERU YALIKUWAMO

Mkazi wa Kashikishi aweza kusema kwamba mambo hayo yalitokea kwingine. Lakini na aitazame ramani. Mto Luapula huingia Mweru kutoka kusini. Maji ya ziwa hutoka upande wa kaskazini, Pweto, kwa jina la Luvua. Luvua hukutana na Lualaba pale Ankoro, na Ankoro iko kati ya Bukama na Kabalo. Maana yake ni kwamba Mimi na Toutou, katika sehemu ya mwisho ya safari yao ya mto, zilielea juu ya maji ambayo sehemu yake ilitoka katika ziwa hili. Kiangazi kilipokuwa kimeukausha mto, maji ya Mweru yalikuwa miongoni mwa yaliyozibeba.

Si maji tu, watu pia. Katika vita hivyo jeshi la Waingereza lililokuwa mpakani kaskazini ya Zambia ya leo lililishwa kwa mabega na kwa mitumbwi. Mizigo ilibebwa kutoka reli ya Ndola hadi mto Luapula, ikapakiwa katika mitumbwi, ikavushwa katika vinamasi vya Bangweulu na kupandishwa mto Chambeshi kuelekea Kasama. Wapiga kafi wa nchi hii ndio waliokuwa reli mahali pasipokuwa na reli.

WALIOPOTEA KATIKA UKUNGU

Kwa nini Wajerumani, waliokuwa na meli kubwa kuliko zote ziwani, walishindwa? Hapa mchezo wa zamu hutoa jibu zuri. Hawakushindwa kwa uchache wa mizinga, bali kwa kutojua.

Mapema mwezi Desemba 1915 ofisa wao mmoja, Job Rosenthal, alikwenda kuipeleleza kambi ya ng'ambo, naye akatekwa. Habari hazikurudi Kigoma. Kingani ilipotumwa haikurudi, na hakuna aliyejua kwa hakika imepatwa na nini. Basi wakaituma Hedwig von Wissmann kwenda kutazama. Tarehe 9 Februari, 1916 ilikutana na Mimi pamoja na Fifi, yaani chombo chao wenyewe cha jana kikiwa na bendera ya adui. Mimi, kwa wepesi wake, iliisumbua Hedwig na kuilazimisha kugeukageuka mpaka Fifi ikaikaribia. Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora matatu tu ilipoipiga na kuizamisha. Kila mchezaji atalitambua kosa lile: kutuma chombo kimoja kimoja ndani ya ukungu, na kila kisiporudi kutuma kingine.

Lakini ukungu haukuwafunika Wajerumani peke yao. Mwezi Juni 1916 Spicer-Simson alifika na mashua zake mbele ya Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, karibu na mpaka wa Zambia na Tanzania. Aliiona mizinga ya ngome akasita kushambulia. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Askari wa nchi kavu walipoiingia ngome, mizinga ile ilionekana kuwa ni magogo.

Götzen yenyewe haikuzamishwa na manowari yoyote. Reli ya Kigoma ilipokuwa karibu kuangukia mikononi mwa adui, Wajerumani waliizamisha wao wenyewe, tarehe 26 Julai, 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, samaki na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu. Hivyo chombo kilicholetwa kwa ajili ya vita kikawa cha amani.

HESABU YA MPAGAZI

Hadi hapa mchezo umesaidia. Umetuonyesha thamani ya habari, ya subira na ya mafuta. Lakini kuna kitu ambacho kioo cha kompyuta hakikionyeshi, na hapo ndipo sisi tunapotaka vijana wasimame na kuuliza.

Katika michezo mingi ya namna hii chakula, makaa na makombora ni tarakimu tu pembeni mwa ramani. Meli ikifika bandarini tarakimu hupanda. Nani amezipandisha? Mchezo haujibu.

Tufanye hesabu ndogo. Mzigo wa mpagazi katika vita vile ulikuwa kama kilo 25. Tuseme amebeba unga, naye hula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 amekula kilo 12, na kilo 12 nyingine ni za kumrudisha. Anayoweza kumkabidhi askari ni kilo moja tu. Safari ikiwa ndefu zaidi ya hapo, ni lazima mpagazi wa pili ambebee wa kwanza chakula, na wa tatu ambebee wa pili. Ndiyo maana jeshi dogo la bunduki lilivuta nyuma yake umati mkubwa wa watu wasio na bunduki. Na makamanda walipotaka kupunguza umati huo, waliopunguziwa posho walikuwa wabebaji. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa, mbali na kwao.

Mvuvi wa Mweru aielewa hesabu hii kuliko mtunga michezo. Yeye ajua kwamba petroli inayompeleka kwenye samaki huliwa na safari yenyewe, na kwamba asiyehesabu ya kurudi hurudi kwa kafi, au hasemwi tena.

Majina ya makamanda yameandikwa katika vitabu. Majina ya meli yameandikwa pia, hata yale ya mzaha. Lakini wabebaji? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tazama upana wa tarakimu hizo mbili. Tofauti baina yake ni watu zaidi ya 200,000, ambao hesabu yenyewe haiwezi kusema kama walikuwapo. Kumbukumbu waliyojiandikia wenyewe wabebaji imebaki katika ulimi: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina hayo kutokana na kikosi chao, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps.

Huo ndio upungufu wa mchezo, nao si wa kompyuta peke yake. Mashine huhesabu kile ilichoambiwa kihesabiwe. Mtunga kanuni akiona meli tu, mashine itaona meli tu. Na kijana anayecheza kila siku mchezo ambamo mizigo hujibeba yenyewe aweza kukua akiamini kwamba ndivyo dunia ilivyo.

MCHEZO WA KUTUNGWA HAPA

Hatusemi vijana wauache mchezo huu. Twasema wautawale. Anayecheza na ajiulize katika kila zamu: makaa haya yametoka wapi, nani ameyachimba, nani ameyaleta, na yeye amekula nini? Maswali hayo hayaharibu mchezo. Huufanya uwe mgumu zaidi, na kwa hiyo mtamu zaidi.

Tena, mwalimu wa historia au jiografia hahitaji kungoja kompyuta. Roberts alikuwa na sakafu na chaki. Ua wa shule watosha kuwa Ziwa Tanganyika. Mawe matatu ni meli za Wajerumani, vijiti viwili ni Mimi na Toutou, na maharage ni wapagazi. Kundi moja lisimame nyuma ya ukuta lisione mpaka litume mpelelezi. Kanuni moja iwekwe isivunjwe: kijiti hakisogei mpaka maharage ya kutosha yamekisogeza, na kila zamu maharage fulani huondolewa kuwa chakula. Yakiisha njiani, mashua hulala porini. Mwamuzi awe mwanafunzi asiyeogopa kuwaambia wakubwa kwamba meli yao imezama.

Na wale vijana wetu wanaojifunza kutunga programu za kompyuta, wao wana kazi kubwa zaidi. Msako wa Bismarck umekwisha kutungwa na wenyewe. Njia ya kutoka Fungurume hadi Kalemie, na mitumbwi ya Luapula, Bangweulu na Chambeshi, inastahili kutungwa na watu wanaoijua mito hiyo, wanaojua kiangazi huifanya nini Lualaba, na ambao babu zao huenda walishika kamba zile. Katika mchezo huo mpagazi asiwe tarakimu pembeni mwa ramani. Awe na kijiji alikotoka, awe na posho yake, na asiporudi, zamu isiendelee mpaka mchezaji ameandika jina lake.